Kitanda cha Nne

Sentensi ya kumi na moja ndiyo iliyomkwamisha Wambeti. Zile za juu alizipita mbio mbio, akitia alama kwenye kisanduku cha "kamwe" kama mtu anayepanda maharagwe kwenye mstari ulionyooka. *Najihisi nimeishiwa nguvu ninapomaliza kazi.* Kamwe. *Naamka asubuhi nikiwa tayari nimechoka.* Kamwe. Kisha ikaja hii: *Siku hizi nimekuwa mgumu wa moyo kwa watu ninaowahudumia.*

Kalamu ikasimama.

Walikuwa ndani ya kanisa dogo la hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Meru, wauguzi wote wa wodi ya wazazi, kwenye mabenchi yale yale waliyotoka kuombea. Ndivyo kazi ilivyoanza pale kila asubuhi: wimbo, neno, ushuhuda, halafu ripoti ya wodi. Siku hiyo aliyeshuhudia ni Nelius, muuguzi wa kutoka Kibugu mwenye sauti ya kusikika hadi jikoni. Alimshukuru Mungu kwa kumwamsha na nguvu mpya, na wote wakaitikia amina, Wambeti akiwemo. Amina ilikuwa haijapoa mdomoni walipogawiwa karatasi.

Mgawaji alikuwa kijana mpole aitwaye Mutugi, mwanafunzi wa saikolojia kutoka chuo kikuu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likang'aa. "Napima uchovu wa kazini," alieleza. "Si ule wa kulala ukaamka ukiwa sawa. Ule unaokaa. Hakuna jibu la kupita wala la kuanguka. Usiandike jina, andika wodi tu." Lakini nyuma yake Sista Phyllis, mkuu wa wauguzi, alikuwa ameanza kupita katikati ya mabenchi, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani wa darasa la nane. Na mtu aliyetoka kuwaambia Mungu na wenzake kwamba ameamka na nguvu mpya, atakaaje chini papo hapo aandike kwamba amechoka?

Wambeti aliitazama sentensi ile. Akamwona msichana wa wiki iliyopita, mdogo, akimlilia mama yake kwa uchungu wa kuzaa. Naye Wambeti, aliyekuwa akikimbia kati ya vitanda na mikono miwili tu, akamwambia bila kugeuka, "Kitanda cha nne, wacha kelele. Si wewe wa kwanza kuzaa." Msichana alijiziba mdomo kwa kiganja chake na hakulia tena. Alijifungua kimya. Akaenda nyumbani na mtoto wake, na Wambeti hakuwa amejua jina lake.

Viatu vya Sista Phyllis vilisimama kando ya benchi.

Kamwe, akaweka Wambeti.

*

Majibu yalisomwa baada ya wiki tatu, palepale kanisani, kwa soda na mandazi. Wodi ya wazazi ilikuwa ya mwisho kwa uchovu hospitali nzima. Mutugi alisoma akikunja uso kidogo, lakini Sista Phyllis alipiga makofi, na wengine wakapiga. Waliochoka kabisa ni wale wa kliniki ya wagonjwa wa nje. Hao walijazia karatasi zao kliniki, mchana, foleni ikiwa imewafika shingoni, hakuna aliyewaombea kwanza.

"Kwa hivyo tumeamua," Sista Phyllis alisema, "nyinyi mlio na nguvu mtawaazima wenzenu mkono mmoja. Makandi ataenda kliniki kuanzia Jumatatu."

Makandi, mwenzao wa wodi ya wazazi aliyekuwa na mandazi mdomoni, alisahau kutafuna. Nelius akainama sikioni kwa Wambeti. "Tumejiroga wenyewe," akanong'ona. "Na soda tumekunywa."

Wambeti hakucheka. Alikuwa mfanyakazi wa mkataba, na mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Sista Phyllis alikwisha kusema kwamba bodi ingewaangalia wale wenye moyo wa kazi. Mume wake, Kiogora, aliuza viazi soko la Gakoromone, na viazi ni biashara ya leo kicheko kesho mvua; mshahara wa Wambeti ndio ulioifanya ile nyumba ilale bila wasiwasi. Kwa hiyo Jumatatu aliingia wodini, akaona kiti cha Makandi kitupu, akafunga aproni.

*

Walikaa kwa mama yake Kiogora, kwenye shamba dogo la kahawa na ndizi lililoteremka kuelekea mtoni. Bibi huyo jina lake la ubatizo lilikuwa Marcella na jina la nyumbani Karimi, na kwa vile mjukuu wa kwanza wa kike alipewa jina lake kama ilivyo desturi, nyumba ilikuwa na Karimi wawili: mmoja wa miaka sabini na kitu, mwingine wa sita, wote wabishi. Wambeti alimwita mkwe wake Cucu, yaani bibi, kama mtoto alivyomwita.

Cucu alimpenda kwa kumchokoza. Wambeti alikuwa amezaliwa Kiritiri, kwenye joto na vumbi, na Cucu hakuchoka kumkumbusha. "Nilimwambia Kiogora, chukua huyu wa Kiritiri," alikuwa akiwaambia wageni. "Watu wa huko ni kama mbuzi zao. Hawanywi, hawachoki, na wanapanda mawe." Wambeti alikuwa akicheka hapo, na kujibu kwamba mbuzi wa Kiritiri angalau hawali kahawa ya watu.

Lakini tangu Makandi aondoke, hakuwa akijibu. Aliporudi kazini alikaa kwenye kigoda cha jikoni na viatu vyake, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa. Kiogora alimletea chai, ikapoa mkononi mwake. Alitia chumvi kwenye uji wa mtoto na sukari kwenye maharagwe. Kiogora alikula maharagwe yale akasema yana ladha ya mjini.

Siku moja jioni, jua bado liko juu ya migomba, Karimi mdogo alikuja mbio na kinywa wazi. Jino lake la mbele lilikuwa linalegea. "Mami, ona. Mami, linatikisika. Mami, shika."

Wambeti alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. "Kitanda cha nne, subiri zamu yako," alisema.

Kiogora, aliyekuwa mlangoni, aliangua kicheko. "Hata huku kuna vitanda?" Mtoto naye akacheka kwa sababu baba yake amecheka. Cucu peke yake hakucheka. Aliweka chini ungo wa wimbi aliokuwa akipepeta.

"Hilo ni jina langu umeita kitanda," alisema.

Kisu kilimwanguka Wambeti. Alimwangalia mtoto wake, kinywa wazi, kidole juu ya jino, akingoja kwa utiifu zamu yake. Ndipo alipoanza kulia. Alilia vibaya, kwa sauti mbaya, kiazi bado mkononi, na Kiogora aliyekuwa akicheka hakujua aufanyie nini mdomo wake.

"Basi, Mama Karimi. Basi. Ni maneno tu."

"Si maneno," Wambeti alisema. "Huwa nawaita hivyo. Wote. Siwajui majina." Akawaeleza, kwa vipande vipande, juu ya yule msichana aliyejiziba mdomo.

Cucu alimsikiliza hadi mwisho. Hakumwambia ni sawa. Alichukua kiazi mkononi mwake akamaliza kukimenya mwenyewe.

*

Mutugi alirudi mwezi uliofuata. Wakati huu hakuwaketisha kanisani. Alipita wodini mwenyewe akimpa kila mmoja bahasha, na alipofika kwa Wambeti alionekana kama anayeomba msamaha.

"Dada, majibu yenu yalikuwa mazuri kuliko ya binadamu," alisema. "Msimamizi wangu amekataa kuyatumia. Tafadhali jazeni nyumbani, peke yenu, mkiwa mmetulia."

Lakini nyumbani kwa akina Wambeti hakuna karatasi iliyowahi kusomwa peke yake. Barua ya shule, risiti ya kahawa, tangazo la chifu, kila kitu kilisomwa mezani kwa sauti, kwa kuwa Cucu hakujua kusoma na hakutaka kupitwa. Kwa hivyo Jumapili baada ya chakula, Kiogora alipoona bahasha, aliifungua kama kawaida, akakohoa, akaanza kusoma na kufasiri kwa Kimeru.

"Hiyo ni ya siri," Wambeti alisema.

"Siri ya nani?" Cucu akauliza. "Endelea."

"Naamka asubuhi nikiwa tayari nimechoka," Kiogora alisoma. "Kuna kamwe, kuna mara chache, inapanda hivyo mpaka kila siku."

"Kamwe," Wambeti akasema upesi.

Kiogora alimtazama juu ya karatasi. "Mama Karimi. Juzi ulivaa blauzi yangu."

"Huna blauzi."

"Ndiyo nasema. Lilikuwa shati langu."

Cucu alipiga goti kwa kiganja. Hata Wambeti alitabasamu. "Basi weka mara chache."

"Weka kila siku," Cucu akasema. "Mimi ndiye huamka kukamua ng'ombe. Namwona akitoka. Anatembea kama mtu anabeba maji kwa kichwa na hakuna maji."

"Nasahau mambo madogo," Kiogora aliendelea.

"Chumvi," Karimi mdogo akasema.

"Nahisi ninachofanya kina maana kwa watu."

Hapo hakuna aliyejibu kwa niaba yake. Wambeti alikumbuka vichwa vya watoto vikitokea, vyenye unyevu, na ile sekunde kabla ya kilio cha kwanza, ambapo hata sasa moyo wake ulikuwa ukisimama. "Hiyo," alisema pole pole, "hiyo bado ni kila siku."

Kiogora akaweka alama, akaikoleza.

Kisha ikafika ile ya kumi na moja. Kiogora aliisoma kimoyomoyo kwanza, akainua macho, akaisoma kwa sauti ndogo. Kuku mmoja aliingia sebuleni, na hakuna aliyemfukuza.

"Nikiandika ukweli," Wambeti alisema, "Desemba watasema sina moyo wa kazi. Watachukua mwingine. Wako wengi nje wanangoja."

"Na usipoandika?" Kiogora akauliza.

"Nitabaki na kazi."

"Na wale wa vitandani watabaki na nani?" Cucu aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Kiogora alikunja karatasi katikati, akaiweka mbele ya mke wake pamoja na kalamu. "Viazi vitakuwepo," alisema. "Tukila viazi tu, tutakula viazi. Lakini mimi sitakusukuma. Jaza mwenyewe hiyo moja." Akamfukuza kuku, akatoka naye nje, ili Wambeti asiangaliwe.

*

Kesho yake, wakiwa wanaosha vyombo vya kuzalishia, Nelius alimuuliza bila kumtazama, "Ile karatasi, umeandika nini?"

"Ukweli."

Nelius aliendelea kusugua mkasi ambao ulikwisha kutakata. "Unajua tuko wanne tu hapa sasa. Sista akiona moja imelia na tatu zinacheka, atajua ni nani."

"Najua."

"Halafu unasema najua, hivyo tu. Nyinyi watu wa Kiritiri." Akaweka mkasi chini. "Mimi sijajaza yangu. Nilianza, nikaona haya. Nilishuhudia siku ile, unakumbuka? Nguvu mpya. Siku hiyo nilikuwa nimelia bafuni kabla ya kuja."

"Nelius."

"Nilioga nikilia ili watoto wasisikie. Kisha nikaja nikashuhudia." Alijifuta pua kwa bega, mikono ikiwa na sabuni. "Tukilia wote wanne, hatajua ni nani. Ngoja niongee na hao wawili. Mimi nikiongea watu husikia, hata wasipotaka."

*

Sista Phyllis aliwaita wote wanne ofisini kwake Alhamisi. Ofisi ilikuwa ndogo na viti vilikuwa viwili, kwa hivyo walisimama. Mutugi alikuwa amekaa pembeni, jicho kwenye viatu vyake. Mezani kulikuwa na karatasi moja yenye michoro ya mistari, na mstari wa wodi ya wazazi ulikuwa umepanda ukapita yote.

"Mmetoka chini kabisa mkafika juu kabisa," Sista alisema. "Kwa miezi miwili. Sasa nataka mniambie. Mlinidanganya wakati gani? Ule wa kwanza ama huu?"

Wambeti aliona Desemba ikija kama lori. Mtu angeweza bado kusema kwamba Makandi alipoondoka ndipo uchovu ulipoanza. Ungekuwa nusu ukweli, na ungemwokoa kila mtu.

"Ule wa kwanza, Sista," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, kwa hivyo akarudia. "Ule wa kwanza. Tulikuwa tumetoka kuomba. Tuliona ni kama kumwambia Mungu hakutusaidia."

"Na wewe ulikuwa unapita," Nelius akaongeza. "Na viatu."

Sista Phyllis alitazama viatu vyake, vyeusi, vya ngozi, vya kutoa mlio. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka ya hamsini, aliyejulikana kwa kutokaa chini, na sasa alikaa. Alichukua ile karatasi ya michoro, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mstari wangu uko wapi?" akamuuliza Mutugi.

"Sista?"

"Wangu mimi. Kila wodi iko hapa. Mpaka jikoni. Mimi niko wapi?"

"Hatukupima wasimamizi, Sista."

"Hamkupima," Sista Phyllis alisema. Nje mtu alisukuma toroli lenye gurudumu bovu, likapita likilia. Wambeti, ambaye alikuwa ameingia akimwogopa, alijikuta akitaka kumletea chai.

"Makandi anarudi Jumatatu," Sista akasema hatimaye. "Kliniki nitawatafutia mtu kwingine, nitagombana na mtu. Na mtaenda likizo, mmoja mmoja. Wambeti wa kwanza. Wiki mbili."

"Sista, mkataba wangu..."

"Mkataba ni wa bodi. Siwezi kukuahidi cha bodi. Lakini wataniuliza mimi, na mimi nitasema kwamba kuna mtu nilimuuliza swali gumu akanijibu." Akamgeukia Mutugi. "Na wewe, niachie karatasi moja. Nitaijaza nyumbani."

*

Wiki mbili za kupumzika zilimtia Wambeti aibu kuliko ugonjwa. Angekuwa na malaria angejua la kusema. Siku ya kwanza tu, jirani alimwona akianika nguo saa nne asubuhi, akaita kutoka upande wa pili wa ua, "Muuguzi wa wazazi, kwani umefutwa?" Wambeti akasema hapana, niko likizo. "Unaumwa?" Hapana. "Una mimba?" Hapana. "Haya," jirani akasema, kwa ile sauti inayomaanisha kwamba habari itafika kanisani kabla ya Jumapili. Kuanzia hapo Wambeti hakutoka tena nje mchana. Alifagia ndani palipofagiwa.

Cucu aliona, akajifunga leso kichwani, akatoka.

Siku ya tatu wakaja. Wambeti aliwasikia kabla ya kuwaona, wanawake wa jumuiya ya kanisani, wakiimba kwa Kimeru wimbo ambao huimbwa kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Walipanda njia ya kahawani, vikapu migongoni, wakibeba vibuyu vya ucuru, ule uji wa wimbi uliochacha ambao hupelekewa mwanamke aliyejifungua. Mmoja alibeba kuni. Mwingine alikuwa na mkungu wa ndizi. Yule jirani wa uani alikuwa miongoni mwao, amevaa vizuri, macho yakitafuta.

"Tumekuja kuona mtoto," kiongozi wao alisema mlangoni. "Marcella alituambia kuna mtu wa kunywa uji. Mtoto yuko wapi?"

Wambeti alimtazama mkwe wake kwa hofu. Cucu alikuwa amesimama katikati ya sebule yake kama mwenye sherehe.

"Mtoto hayuko," Cucu alisema. "Nyinyi huja kuona mtoto, mkishamwona mnaenda. Huyu hapa amewazalisha nyinyi na binti zenu na wake za vijana wenu, miaka minane. Kila aliyezaa aliletewa uji. Yeye alirudi kwake akapika. Leo hakuna mtoto. Leo kuna mama tu."

Kisha yule jirani, yule yule, akaweka kibuyu chini. "Mimi alinizalisha mwanangu Kithaka," alisema. "Alikuwa ametangulia miguu. Huyu alinishika mkono, akaniita Joyce mpaka mwisho." Akamtazama Wambeti kana kwamba alikuwa amemsahau. "Ulikuwa unaniita Joyce, Joyce, kama tumesoma pamoja."

Wambeti hakukumbuka. Lakini alijua ilikuwa kweli, kwa maana ndivyo alivyokuwa zamani, na huenda mtu yule hakuwa amekwenda mbali.

Hawakumpa nafasi ya kusema kitu. Walimpeleka chumbani, wakamvua viatu wenyewe, wakamfunika. Mmoja alichukua nguo chafu kwenda mtoni, wengine wakaingia jikoni wakawasha moto na kuanza kugombana juu ya sufuria. Cucu alimletea ucuru kwenye kikombe kikubwa cha bati, mzito, mchachu, wa moto. Wambeti aliunywa wote. Kisha akalala, mchana kweupe, nyumba ikiwa imejaa wanawake wanaocheka, na hakuota wodi.

Alipoamka jua lilikuwa limeanza kuegemea migomba. Kando ya kitanda, kwenye kigoda cha jikoni, alikaa Karimi mdogo, mikono mapajani, hatoi sauti. Alikuwa amekaa hapo muda. Jino lilikuwa limebaki kwa uzi mmoja.

"Cucu alisema nisikuamshe," mtoto alinong'ona. "Nangoja. Mimi ni kitanda cha nne."

Wambeti aliinua blanketi upande mmoja.

"Hapana," alisema. "Wewe ni Karimi. Njoo hapa, fungua mdomo nione."